Dishi la sentimita 90 na chaneli za 4K za bure, Kisumu

Kaka wa Kondele, umeuliza kama dishi lako la sentimita 90 na dekoda ya zamani vitakupa chaneli za 4K bila malipo kwenye televisheni mpya. Dishi si tatizo. Dekoda ndiyo itakuangusha. Picha ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, kwa kawaida hubanwa kwa mbinu iitwayo HEVC (H.265), na dekoda inayojua MPEG-4, mbinu ya zamani zaidi, tu itakupa sauti na kioo cheusi. Hapo fundi atadai LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) imeungua akuuzie nyingine. Mwambie apite.

Kabla hujatoa hata shilingi, geuza televisheni uangalie nyuma. Ukiona tundu la kebo la kuzungusha kama skrubu, lililoandikwa LNB au SAT, na menyu inataja DVB-S2 (mfumo wa kupokea chaneli za setilaiti), chomeka kebo ya dishi hapo hapo, bila dekoda.

Shida kubwa ni mawimbi. Orodha nyingi za "4K bure" mtandaoni ni za Ulaya, na miale ya setilaiti zake imeelekezwa huko, si kwetu. Tafuta kwanza ramani ya miale ya setilaiti husika. Kama Kenya haimo, hata fundi bingwa hakusaidii. Kuwa tayari kwamba nyingi utakazopata ni HD tu.

Halafu, ukilenga setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, hiyo iko karibu utosini mwetu, kwa hiyo dishi hulala chali na kutuama maji. Toboa kitundu sehemu ya chini kabisa, upake rangi ukingoni lisishike kutu.