Jibu: Bangi badala ya metformini?

Habari ndugu. Umeuliza kama baba yako mwenye kisukari aina ya 2 aache metformini (dawa ya kushusha sukari) atumie mafuta ya CBD, kemikali ya bangi isiyolevya. Tafadhali asiache. Jaribio la mwaka 2016 kwa wagonjwa 62 wa aina hiyo lilipima CBD miligramu 100 mara mbili kwa siku, wiki 13: sukari haikushuka. Iliyoishusha ni THCV, kemikali nyingine ya bangi, miligramu 5 mara mbili, nayo kwenye bangi ya kawaida ni kidogo mno.

Kama tayari anavuta bangi, kwanza apimwe sukari kabla ya kulala. Moyo kwenda mbio, njaa na kuchanganyikiwa ni dalili za bangi na pia za sukari kushuka. Akitapika mfululizo, pimeni ketoni (asidi zinazojaa damuni mwili ukikosa insulini ya kutosha) na muwahi hospitali.