Picha ya CT haionyeshi serotonini

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Mwanangu ana miaka 26. Ametumia kokeini miaka mitatu, na sasa ni mwezi wa pili hajaigusa. Tulimpiga picha ya CT Mombasa, ripoti ikasema ubongo uko sawa. Bwana mmoja hapa Malindi kampima damu, akasema serotonini imemwishia kichwani, akatuuzia vidonge vya kuirudisha. Ni kweli? Hakuna picha inayoonyesha?
Mama, Barani

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mwezi wa pili bila kokeini si jambo dogo, na mwenyewe mwambieni hivyo.

CT hutafuta damu iliyovuja, uvimbe, mfupa uliovunjika. Serotonini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na vipokezi ni vituo vya seli vinavyoipokea; CT haivioni kabisa. Picha inayoviona ni ya PET: mtu hudungwa dawa kidogo yenye mionzi, ikajishikiza kwenye kipokezi fulani, mashine ikasoma ilipokusanyika. Nyingi ya dawa hizo hutengenezwa kwa kaboni-11, ambayo kila dakika 20 hivi hupungua nusu, kwa hiyo hupikwa papo hapo karibu na mashine. Ni kazi ya watafiti. Mashine za PET za Nairobi zinashughulika zaidi na saratani.

Mwaka 2014 watafiti wa Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kipokezi kiitwacho 5-HT1B: waraibu wa kokeini, kwa wastani, walikuwa nacho pungufu katika baadhi ya sehemu za ubongo. Kwa wastani, mama. Kundi lilipimwa na kundi; mwanao peke yake picha ile isingemtambua, wala haisemi kama upungufu uliletwa na kokeini au ulikuwepo tangu mwanzo. Tena kupungua kwa vipokezi si kuisha kwa serotonini.

Basi huyo bwana kaionaje kwenye damu? Serotonini ya mwilini, kama asilimia 90, hutengenezwa matumboni, na iliyo kwenye damu haivuki kuingia ubongoni. Kawapima pesa tu.

Vidonge vyenyewe naletewa kliniki kila mara: bahasha ya kaki, juu imeandikwa 1x3 kwa kalamu, jina la dawa hakuna. Hapo ndipo ninapokosa subira. Kokeini yenyewe huzuia serotonini isirudi ndani ya seli. Kijana akiteleza usiku mmoja huku anameza dawa ya kuiongeza, hasa ikichanganywa na tramadol, ile dawa ya maumivu, serotonini hufurika: joto kali, kutetemeka, misuli kukakamaa, kuropokwa. Watu hufa kwa hilo.

Na wengine wanaosoma hapa, acheni kuuza bangili za arusi kununua "tiba ya ubongo". Methadone ni dawa ya wa unga, yaani heroini, haimfai wa kokeini. Dawa iliyoidhinishwa kwa uraibu wa kokeini haijapatikana bado, anayedai anayo anawaibia. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa muda mrefu, na zawadi ndogo kila mkojo unapopimwa ukakutwa safi. Hakiuziki kwenye bahasha, ndiyo maana hamtangaziwi.

Mama, mlete kijana kesho na bahasha yake, asimeze kingine kabla sijaviona. Akishikwa na joto na kutetemeka usiku huu, msiningoje mimi, kimbieni hospitali.