Muulize Fundi: Kahawa imepanda juu, imegoma kushuka

Toleo lililopita tuliweka picha ya mashine ya kahawa ya saifoni inayotumia umeme, ile yenye chombo cha maji chini na chombo cha kahawa juu na mrija katikati, basi meseji hazijapoa mpaka leo. Kwa ambaye hakuiona, kazi yake iko hivi: maji chini, kahawa ya kusaga juu, unawasha. Maji yakipata moto mvuke unajaa kule chini, hauna pa kutokea maana shingo imebanwa na mpira, basi unayasukuma maji yapande kwenye mrija mpaka juu yakutane na kahawa. Yanakaa nayo huko kama dakika moja hivi. Chini kukibaki maji kidogo sana joto linaruka ghafla, tamostati inakata umeme, mvuke unapoa unanywea, na kahawa inavutwa kurudi chini kupitia kwenye chujio, juu yanabaki machicha tu. Mtindo wenyewe ni wa zamani, Wajerumani na Wafaransa walikuwa nao tangu miaka ya 1830 na 1840, enzi hizo wanawasha kwa moto wa spiriti. Haya, maswali.

Shikamoo fundi. Dada yangu anaishi Japani, kanitumia saifoni ya umeme mpya kabisa ipo kwenye boksi. Plagi yake ina miguu miwili bapa. Je nikinunua adapta pale Kariakoo naweza kuchomeka tu? Msomaji, Tabata.

Marahaba. Usichomeke! Adapta inabadilisha miguu ya plagi, umeme unabaki uleule. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, huku kwetu ni 230. Na hita ina tabia yake, ukiipa volti mara mbili haili umeme mara mbili, inakula mara nne, sasa wewe unataka kuipa zaidi ya mara mbili, yaani itavuta zaidi ya mara tano ya ilivyotengenezewa. Utasikia pah, moshi, basi, na dada hatakutumia nyingine. Hata wale mnaoletewa za Marekani za volti 120 hesabu inakaribia mara nne, kwa hiyo msimcheke mwenzenu.

Tafuta transfoma ya kushusha umeme. Geuza mashine usome kibandiko cha chini kinasema wati ngapi, kama ni 600 chukua transfoma ya 1000, usichukue ya 600 kwa 600 maana itachemka yenyewe kabla ya kahawa. Halafu angalia inatoa ngapi, kwa sababu nyingi za madukani zinatoa 110 na wewe unahitaji 100. Hizo kumi za juu unaziona ndogo ila hita inapata moto wa ziada karibu asilimia 20, itafanya kazi lakini umri wake unapungua. Ya 100 kamili zipo, uliza tu usichoke. Ukikuta imeandikwa 50/60 Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, hapo huna shida, Japani yenyewe upande mmoja wa nchi unatumia 50 na mwingine 60 kwa hiyo mashine zao huwa zinakubali zote.

Fundi mambo vipi. Yangu nimeinunua used, mwanzo ilikuwa safi sana. Siku hizi maji yanapanda vizuri ila kahawa haishuki, inakaa juu inanitazama mpaka inapoa. Nikijaribu kuchomoa chombo cha juu inanimwagikia. Tatizo ni nini? Mpenda kahawa, Mwanza.

Poa kaka. Kwanza acha kabisa huo mchezo wa kuchomoa cha juu ikiwa ya moto. Pale chini kuna mvuto, ukikiyumbisha hewa inaingia kwa kishindo na kahawa inaruka, na hiyo sio chai ya uvuguvugu, ni ya kuunguza ngozi. Wala usimwagie kioo maji ya baridi ili kipoe haraka, kitapasuka mkononi. Zima, chomoa waya, subiri.

Ikishapoa, osha kila kitu halafu fanya jaribio hili, halina gharama. Weka maji chini, weka chujio mahali pake, ila kahawa usiweke. Washa. Hapo mashine yenyewe itakwambia inaumwa wapi. Maji yakipanda yote na yakashuka fasta kwa ule mkoromo wa mwisho wa kunyonya hewa, basi mpira wako mzima na ugonjwa uko kwenye kahawa unayotumia. Yakipanda vizuri lakini yakishuka polepole hata bila kahawa, chujio limeziba. Na kama chini kunachemka, mvuke unatoka pembeni ya shingo na maji yanapanda nusunusu au hayapandi kabisa, huo ni mpira umekwisha. Kuna na mpira uliochoka nusu, bado unabana vya kutosha maji yapande kwa sababu hita inaendelea kuleta mvuke, lakini wakati wa kushuka hewa inapenya kidogokidogo, mvuto unakufa kabla kahawa haijaisha. Huu ndio unawachanganya watu wengi, wanasema mbona inapanda.

Sasa kwa maelezo yako, inapanda vizuri na ilianza safi ikaja kuharibika, mimi nashuku chujio kwanza halafu mpira. Kahawa ina mafuta. Kama chujio lako ni la kitambaa yale mafuta yanaganda kwenye nyuzi, ukilinusa utaona linanuka kama mafuta ya kupikia yaliyochacha. Lichemshe kwenye maji matupu bila sabuni, likikataa kusafika nunua lingine. Na kuanzia hapo ukimaliza kunywa lisuuze, liweke kwenye kikombe cha maji ndani ya friji, usilianike likakauka. La chuma au plastiki ngumu lisugue na mswaki wa zamani, tazama kwenye mwanga matundu yote yapitishe.

Mpira nao ukiubonyeza na kucha ukaona mgumu hauna kunepa, au una mpasuko, hauponi huo. Upeleke dukani wenyewe mkononi, usiende na vipimo vya kuhadithia, tafuta wanaouza mipira ya presha kuka na mashine za juisi, na uwaambie unataka silikoni ya vyombo vya chakula. Kuna mafundi watakukatia kipande cha tyubu ya baiskeli, kitabana vizuri sana tena siku hiyohiyo, ila mvuke ukipita pale kahawa itanukia gereji na sijui ni nini kingine unakunywa. Ukishapata mpya, uloweshe kidogo kabla ya kubana, na ukiweka mashine kabatini tenganisha cha juu na cha chini, usiviache vimeumana wiki nzima maana mpira unalala upande mmoja.

Cha mwisho kwako, kahawa ya kusaga kama poda usiiweke humo. Inataka chenga za saizi ya sukari, au laini kidogo kuliko hapo. Kama unanunua ile iliyosagwa tayari sokoni ya kuchemshia kwenye birika, hiyo ndio imeziba chujio, wala tusiulizane.

Asalaam aleikum fundi. Sisi Mombasa kahawa bila tangawizi na iliki haijawa kahawa. Naweza kutia viungo juu pamoja na kahawa? Mama wawili, Majengo.

Waaleikum salaam mama. Iliki unaweza, ila ipasue tu tembe mbili tatu uziweke nzima na maganda yake juu ya kahawa, usiisage. Tangawizi ya unga hapana. Ule unga ukilowa unavimba unakuwa uji na unakaa juu ya chujio, utarudi kwenye tatizo la kaka wa Mwanza. Mbichi ikate vipande vyembamba, hivyo havizibi. Usiviweke chini kwenye maji, hapo ndipo kuna hita na harufu ikishaingia kwenye mpira haitoki, kila utakachopika kitakuwa na tangawizi hata ukiwa na mgeni asiyeitaka.

Lakini mama nikwambie ukweli wa moyoni, kahawa chungu ya kunywea vikombe vidogo na kashata hii mashine haiiwezi. Ile inataka kuchemka ikachemka tena juu ya makaa kwenye dele, iwe nzito. Saifoni inatoa kahawa nyepesi, safi, imechujwa, unaona mpaka kitako cha kikombe. Wageni wa maghribi wape ya dele, hii weka ya asubuhi. Mashine hii huwa nzuri kwa mtu anayetaka kuisikia kahawa yenyewe.

Habari fundi, mimi niko Toronto. Kwenye duka la vitu vya mtumba nimekuta Sunbeam Coffeemaster, saifoni ya umeme ya zamani, inang'aa yote kama kioo, bei rahisi. Ninunue au ni pambo tu? Binti wa Tanga.

Salama mwanangu. Hizo ni za kampuni ya Sunbeam ya Chicago, zile za umbo la mviringo zinazong'aa mtindo wake ulichorwa na Alfonso Iannelli miaka ya 1940, na zilikuwa zinajizima zenyewe na kubaki na moto wa kiporo tu, kwa wakati ule ilikuwa teknolojia ya maana sana. Umeme wa Kanada ni volti 120 kwa hiyo hapo uko nyumbani. Nunua, ila kwa masharti. Fungua utazame ndani, ile rangi ya kung'aa ikiwa imebanduka na shaba inaonekana, ifanye pambo. Waya ukiwa na ala ya kitambaa au mpira uliopasuka usiuchomeke hata kujaribu, mpe fundi abadilishe kwanza. Mpira wake hesabu kwamba umekufa hata kama muuzaji anaapa, umekaa miongo kadhaa, mpya wa saizi yake huuzwa mtandaoni na watu wanaozipenda hizi mashine. Halafu hakikisha chujio lake limo. Wengi wanauza mashine bila chujio, mnunuzi anakuja kushtuka nyumbani.

Kwa kuwa ni ya chuma hutaona maji yakipanda, utasikia tu. Wengine hiyo inawaudhi, wanataka kioo waone mchezo. Mimi naona ya chuma haipasuki, na kioo ndio kinachoua saifoni nyingi, sinki tu linatosha.

Shikamoo. Baba ana kihamba Kibosho, kahawa tunayo yetu wenyewe, tunakaanga kwenye karai na kutwanga kwenye kinu. Inafaa kwenye saifoni? Mana kuna mtu kaniambia ninunue ya kopo. Kijana wa Moshi.

Marahaba, huyo mtu msamehe. Kahawa ya kopo ya kuyeyuka haihitaji mashine yoyote, inataka kikombe na maji ya moto. Wewe una arabika ya mlimani unaulizwa habari ya kopo! Huko Japani, ambako migahawa ya kahawa ya saifoni ipo mpaka leo, kahawa ya Tanzania wanaiandika kwenye menyu kwa jina la Kilimanjaro tu, na watu wanaijua kwa jina hilo.

Mambo mawili rekebisha. Kukaanga, msiifikishe kwenye weusi wa mkaa, iepueni ikiwa kahawia na haijaanza kutoa mafuta, ule uchachu mtamu wa Kilimanjaro ndio saifoni inaupenda. Ikae siku moja au mbili ndio uitumie. Na kinu kinatoa mchanganyiko, chenga kubwa na vumbi humohumo, vumbi linaziba na chenga kubwa hazitoi ladha. Ukiweza pata kisagio cha mkono. Ukishindwa, twanga halafu pitisha kwenye kichujio cha chai kile chenye matundu madogo, vumbi litakaloanguka mpelekee bibi akachemshe kwenye birika, lililobaki juu ndio lako. Kipimo anza na gramu 60 kwa lita moja, kwa hiyo nusu lita ni gramu 30, kama vijiko vitano au sita vya chakula, halafu ongeza au punguza kwa mdomo wako.

Fundi sasa. Niko Nairobi. Mzee wa nyumba analalamika hii machine inakula tokeni. Na stima ikipotea katikati inakuwaje?

Mwambie mzee hivi, ya wati 600 ikiwaka dakika kumi inakula sehemu moja ya kumi ya yuniti. Kumi za hizo ndio yuniti moja. Akitaka kulalamika aanze na pasi au heater ya kuoga. Ila usiiache kwenye kile kimoto cha kuweka joto asubuhi yote, hapo kweli tokeni zinaenda bure na kahawa inageuka chungu, mimina kwenye thamosi uzime.

Stima ikipotea maji yakiwa yote yameshapanda, wala usijali, chini kutapoa na kahawa itashuka yenyewe, itakuwa nyepesi kidogo tu. Ikipotea yakiwa nusu njia, yatarudi yamebeba ladha kidogo, ngoja stima irudi uwashe tena na kahawa ileile. Nairobi mko juu, karibu mita 1,800, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa kahawa hiyo sio hasara, ila saga laini kidogo kuliko nilivyomwambia wa Mwanza. Kidogo!