Umelipa mkopo wa simu na benki bado inakukatalia?

Kulipa hakufuti historia. Kwa sheria ya Kenya, rekodi ya mkopo uliochelewa zaidi ya siku 90 hubaki CRB (kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji) miaka 5 tangu ulipomaliza deni; kinachobadilika ni hali yake: kutoka "haujalipwa" kuwa "umelipwa", salio sufuri. Mara nyingi tatizo huwa hapo hapo, maana mkopeshaji amepokea pesa lakini hakupeleka taarifa mpya.

Anza kwa kuomba ripoti yako ya CRB, ya kwanza kila mwaka ni bure. Kagua nambari ya kitambulisho, kisha salio la kila akaunti. Shilingi 40 za riba zilizosahaulika zinatosha kuacha akaunti wazi. Ukiona kosa, mwandikie mkopeshaji ukiambatisha ujumbe wa malipo, na upeleke malalamiko CRB pia. Usingoje mmoja amsubiri mwenzake.

Alama za Metropol, moja ya CRB za Kenya, zinazoonyesha unavyoaminika kulipa, huanzia 200 hadi 900. Kuzipandisha, chukua mkopo mdogo mmoja, ulipe kabla ya tarehe, miezi kadhaa mfululizo. Kuomba kwenye programu tano kwa wiki moja (wengi hufanya hivi wakibanwa) huonekana kama mtu aliyekwama.