Kisagio kidogo, usikiachie kahawa peke yake

Umeuliza kisagio chako kidogo cha umeme kinafaa nini zaidi ya kahawa. Mimi changu ni cha viungo hasa: kaanga bizari nzima kidogo bila mafuta, iache ipoe kabisa, ndipo uisage. Ikiwa bado moto hutoa mvuke, na unga unaganda kwenye visu (nimeukwangua sana huo). Sukari ya kawaida nayo husagika ikawa laini ya kupambia keki, na mkate mkavu huwa chenga. Saga kwa sekunde chache chache, la sivyo mota inachemka. Harufu ikigoma kutoka, saga mchele mkavu kidogo, mwaga, kisha pangusa. Usikitumbukize majini, na chomoa waya kabla hujagusa visu.