Tathmini ianze kabla pesa haijatoka

Dada, umeuliza kama mtathmini aletwe huu mradi wa serikali wa utulivu, ule wa kurudisha huduma na usalama pahali pamekuwa na vita, ukishaisha. Mi nasema hapana, mlete kabla shilingi ya kwanza itoke, juu bila takwimu za mwanzo utalinganisha na nini? Alafu usihesabu visima na mashambulizi pekee yake, mashambulizi yanaweza pungua juu watu wamehama ama kundi la wenye silaha limeshika mji wote, na kwa ripoti itakaa amani. Uliza soko inafungwa saa ngapi, mama wa maziwa anapita njia gani, mtu akiibiwa mbuzi anaenda kwa chifu ama kwa wale wenye bunduki. Marekani ilitumia dola bilioni 4.7 hivi kutuliza Afghanistan kati ya 2002 na 2017, na wakaguzi wao wa SIGAR, ofisi ya kufuatilia pesa za Marekani za kujenga upya Afghanistan, wakaandika 2018 kwamba mafanikio hayakudumu sana majeshi yakiondoka. Kwa hivyo tenga pesa ya kurudi huko mwaka mmoja ama miwili baadaye, hiyo ndio hukatwa kwanza na inaniuma sana. Na wanaohojiwa majina yasiandikwe, tafadhali. Tulishawahi hoji mzee akawa anajibu macho yake yakiwa kwa mlango, tukafunga daftari tukaenda.