Maswali na majibu: Jino lililong'oka ndotoni ni la nani?

Maswali ya ndoto yamefurika safari hii, nami nimeyachambua nikabaki na haya machache. Niseme mapema: sipigi ramli, wala sina kitabu cha kuagulia ndoto chini ya mto.

Naota meno yananing'oka moja moja na kuniangukia kiganjani. Nimeambiwa ni dalili ya msiba. Nifanyeje?

Kwanza ukiamka jipapase taya. Sitanii. Mwaka 2018 watafiti wa Israeli walichapisha uchunguzi wao kuhusu ndoto hii hii, na walichokuta ni kwamba inaambatana zaidi na kuamka meno, fizi au taya zikiuma kuliko na dhiki za moyoni. Kama unasaga meno usiku, huenda kinywa chako ndicho kinachokupelekea salamu. Ndoto ina tabia ya kudaka kinachousumbua mwili, iwe kiu, baridi au kibofu kilichojaa, kisha ikakitungia kisa.

Taya zikiwa salama, sasa jiulize jino kwako wewe ni kitu gani. Mwimbaji, mzee mwenye meno ya bandia, na mama ambaye mwanawe kang'oka jino la kwanza juzi: hao watatu wakiota ndoto hiyo moja, kila mtu kaota lake. Kuna kisa maarufu kinachosimuliwa kuhusu Ibn Sirin, mfasiri wa ndoto wa Kiislamu wa zamani. Watu wawili walimwendea, kila mmoja kaota anaadhini. Mmoja akaambiwa atakwenda kuhiji, wa pili akaambiwa atashikwa kwa wizi. Sheikh alikuwa amewatazama waotaji wenyewe. Hata Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2 aliyeandika vitabu vitano vya kufasiri ndoto, alitaka mfasiri ajue kwanza kazi ya mtu, umri wake, afya yake na hali yake ya maisha. Wakongwe wa fani walihoji hivyo, halafu leo mtu anakutumia ujumbe wa mstari mmoja, "meno ni msiba", nawe unakosa usingizi!

Mimi siotagi kabisa. Nina kasoro?

Huna. Unaota, ila unasahau. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza juu ya usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, na kwamba aliyeamshwa katikati yake mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Usingizi huo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Wewe yaelekea kengele ya simu inakukurupusha, na papo hapo unaanza kusoma jumbe. Kesho ukishtuka usigeuke. Kaa vile vile ulivyolala, daka hata kipande kimoja, rangi au sauti, kisha kiandike.

Nimemwota mume wangu yuko na mwanamke mwingine. Nilimwona kabisa! Nimeamka nimenuna, hata salamu yake sijaiitikia.

Muitikie, dada yangu. Mume wa ndotoni, yule mwanamke, chumba walimokuwa, vyote umevitunga wewe mwenyewe ukiwa umelala. Mwenzako hakuwa na habari. Katika usingizi ule niliousema hapo juu, sehemu za ubongo zinazohusika na hisia huchapa kazi, huku zile za mbele, za kupima na kuhoji, zikiwa zimelegea. Ndiyo maana ulimwona "kabisa" na hukushangaa chochote. Uchungu ulikuwa wa kweli, tukio halikuwapo.

Basi ushike uchungu, umwache mwanamke. Ulikuwa uchungu gani hasa? Wa kudanganywa? Wa kudharauliwa? Wa kusahaulika ndani ya nyumba yako mwenyewe? Kila jibu lina njia yake, na si lazima hata moja iishie kwa mume.

Mimi niliwahi kumwota rafiki yangu anahama. Anapiga magoti juu ya begi, zipu imekwama, anaivuta huku jasho likimtoka. Nimesimama mlangoni namtazama. Niliamka na hasira: vipi anaondoka bila kuniaga? Nikashinda nayo hadi jioni, ndipo nikagundua kwamba picha iliyokuwa ikinirudia si ya begi. Ilikuwa ya mkono wangu juu ya kitasa cha mlango. Hatua tatu tu kutoka kwake, na sikwenda kumshikia begi. Miezi minne nilikuwa sijampigia simu, na mara mbili alikuwa amenipigia yeye. Kwa hiyo nawe rudi ndani ya ndoto yako, ujitazame: ulisimama wapi, na mikono yako ilikuwa inafanya nini?

Nina miaka 46 na kazi yangu inakwenda vizuri, lakini bado naota nimeingia chumba cha mtihani sijasoma hata ukurasa.

Uliufaulu mtihani huo? Nabashiri uliufaulu. Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyechambua ndoto, sikubaliani naye katika mengi, lakini katika kitabu chake cha 1900 aligusia kwamba watu huota mitihani waliyokwisha kuishinda, akaona humo namna ya kujiliwaza: ulihofu hivyo hivyo wakati ule, na ukavuka. Kila ikikujia, andika tarehe, na pembeni yake jambo lililokuwa linakusubiri kesho yake. Baada ya mara nne au tano utamjua msimamizi wa mtihani ni nani siku hizi.

Tangu nipate ajali, karibu kila wiki nakimbizwa na mtu asiye na uso. Alama yake ni nini?

Hapa tuziweke alama kando, ndugu yangu. Jinamizi linalorudi baada ya ajali linahitaji tiba kabla ya tafsiri, na tiba ipo. Mojawapo hufanywa mchana, macho wazi: unaiandika ndoto, unaibadilisha upendavyo (mlango unafunguka, au yule mtu anachoka na kukaa chini), kisha unaipitia ile mpya akilini dakika kumi au ishirini kila siku kwa wiki kadhaa. Watu wengi hupata nafuu. Yako imeungana na ajali, kwa hiyo ifanye ukiwa na mtaalamu wa afya ya akili, usiwe peke yako. Mwambie pia dawa unazotumia, kwani baadhi ya zile za shinikizo la damu na za sonona huchochea ndoto kali. Ila usiache dawa kwa uamuzi wako. Na kama usiku unarusha ngumi na mateke kweli kweli hadi unaanguka kutoka kitandani, hilo mwone daktari mapema.

Nyoka je? Kwa kifupi tafadhali.

Unamwogopa au unamfuga?